Bartholomew na Kiondo cha Zamu

Bartholomew Musembi ndiye mtu pekee ninayemjua aliyechelewesha programu ya kompyuta kwa sababu ya kuku. Nasema hivi kwa upendo, ingawa wiki ile nilitamani kumfunga miguu yeye mwenyewe na kumpeleka sokoni.

Mwaka wa 2005 tulikuwa watatu katika chumba kimoja juu ya duka la mbao, Machakos mjini: Nzilani, mwenye ofisi; Bartholomew, mrefu, mpole, mzaliwa wa Mwala; na mimi, ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa kazi. Tulikuwa tunaandika programu ya kuhesabu maziwa ya chama kimoja cha wafugaji kule Mwala. Tukiipata kazi ile, ofisi ingesimama. Tukiikosa, tungerudi kupiga chapa ratiba za mazishi, na Bartholomew alikuwa ameapa hataandika tena neno "marehemu" hadi azeeke.

Shida ilikuwa faili. Zote zilikaa kwenye kompyuta moja, na kila mtu alizifungua akitaka. Siku moja Nzilani alihifadhi kazi yake juu ya kazi ya Bartholomew, na jasho la wiki nzima likapotea. Bartholomew hakufoka. Alikaa tu akitazama skrini kama mtu aliyefiwa, na Nzilani akashikwa na aibu. Kesho yake akaja na kiondo cha mkonge alichosuka mama yake huko Kithimani, akatangaza sheria: mwenye kiondo mezani pake ndiye anayegusa programu. Wengine mikono mapajani.

Sheria ilikuwa nzuri, ila sisi tumelelewa na mama zetu. Hakuna aliyefundishwa kurudisha kiondo cha watu kikiwa kitupu. Zamu yangu ilipoisha nilijikuta nimetia maembe mawili kabla ya kumpa Nzilani. Nzilani naye akakipitisha kikiwa na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Tulinenepa kidogo, na kazi ikaenda.

Wiki ya kuwaonyesha wazee wa chama, Bartholomew alichukua kiondo Jumatatu na hakukiachilia. Jumatano nikagundua programu inahesabu maziwa yote mara mbili. Lilikuwa kosa la mstari mmoja tu. Nikamwomba kiondo, akasema bado kidogo. Alhamisi nikakuta kiti chake hakina mtu na kiondo hakipo. Nikataka kufungua faili hivyo hivyo, lakini Nzilani akakataa katakata. Hangefuta kazi ya mtu yule mara ya pili. Basi nikakaa nikimlaani kimoyomoyo, mkono wa birika, mtu wa kulalia kazi ya wenzake.

Ijumaa asubuhi akaingia na kiondo begani, vumbi la Mwala hadi kwenye nyusi, na ndani ya kiondo mlikuwa na kuku. Akakiweka mezani pangu kwa mikono miwili.

"Nilimaliza Jumanne," alisema, akitazama viatu vyake. "Lakini sikuwa na kitu ya kuweka ndani. Ningewapatia aje kiondo ya mama ikiwa hivyo tu?"

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nikavuta kiti nirekebishe ule mstari, lakini wazee wa chama walikuwa tayari wanapanda ngazi.

Mwenyekiti wao, Mzee Maundu, alisoma kwenye skrini kwamba ng'ombe wake mmoja alitoa lita arobaini na nne jana. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii ng'ombe ni yangu kweli?" aliuliza taratibu. "Basi kuna mtu huko nyumbani ananificha maziwa."

Kitu pekee alichosifu asubuhi ile ni kuku. Akatupa wiki moja.

Nzilani alimpelekea mama yake kiondo pamoja na kuku, kisha akaweka programu iitwayo Subversion. Sasa kila mmoja angekuwa na nakala yake, angefanya kazi bila kungoja mtu, kisha angeipeleka kwenye seva, kompyuta ya pamoja, iunganishwe na za wenzake. Wawili tukigusa mstari mmoja, kompyuta ingekataa, nasi tungegeuza viti tuongee. Bartholomew peke yake ndiye aliyenung'unika. Aliuliza kama mtu atakuwa anarudisha kazi kimyakimya, bila chochote. Nzilani akafikiri, akaipanga seva ikatae kazi yoyote isiyoambatana na maneno ya kueleza kilichobadilika.

Ijumaa iliyofuata ng'ombe wa Mzee Maundu alitoa lita ishirini na mbili. "Huyu namjua," akasema, na kazi tukaipata.

Jumatatu nikavuta kazi ya Bartholomew kutoka kwenye seva. Alikuwa amefuta nukta moja. Maneno yake yalijaza nusu ya skrini: nukta ilikuwa wapi, kwa nini ilimsumbua, salamu kwa wote, na mwishoni, "Kuku wa mama anaendeleaje?"

Nilirekebisha mstari wangu, nikaupeleka, nikaandika: "Nimeondoa nafasi mbili. Anataga."