Walinzi Walioona Kupitia Ukuta

Mlinzi aliniona nikiwa nimejibanza nyuma ya ukuta wa mawe.

Nikarudia. Nikatambaa polepole, bila kishindo. Akaniona tena, akanijia moja kwa moja na mkuki wake.

Naongelea gemu, msinicheke. Ofisini tulikuwa watu wanne, na kwa miaka miwili tulikuwa tunatengeneza mchezo wa mjumbe anayevuka ngome ya adui kwa kujificha. Kazi yangu ilikuwa kuujaribu. Kaka yangu wa damu ndiye aliyepanga walinzi, kuta na maficho.

Kila ukuta unawekewa alama ya kuzuia macho ya mlinzi. Usipouwekea, anaona ng'ambo kama vile ni kioo.

Siku hiyo wageni waliotaka kuuchukua mchezo walikuwa wanafika saa sita mchana. Bosi alishatuambia wazi: wakikataa, ofisi inafungwa.

Nikamwambia kaka kuna kuta amezisahau. Akasema ameziweka zote. Nikambana, akaenda kuzipitia upya, na baada ya nusu saa akaniambia tayari.

Nikajaribu. Mlinzi yuleyule, ukuta uleule.

Nilipagawa. Nikamwita mzembe na mwongo mbele ya wenzetu. Alikuwa anafikicha macho tu.

Bosi akaniagiza nizirekebishe mwenyewe. Nikafungua ramani ya ngome. Kulia hapakuwa na ukuta hata mmoja wenye kasoro. Kasoro zote zilikuwa kushoto.

Nikamvutia kaka kiti mbele ya kompyuta.

"Hesabu kuta unazoziona hapo."

Akahesabu kwa kidole. "Nne."

Zilikuwa saba.

Nikamwambia anitazame puani, asigeuke. Nikanyoosha mkono upande wake wa kushoto. "Vidole vingapi?"

"Vidole gani, mdogo wangu?"

Sikungoja wageni. Nilimshika mkono tukashuka ngazi, yeye akilalamika kwamba ni uchovu tu.

Hospitali wakakuta uvimbe kichwani. Daktari alisema ulikuwa unamwibia macho kidogokidogo kwa miezi, ndiyo maana mwenyewe hakushtuka. Angechelewa wiki chache tu, tungempoteza. Kesho yake akapasuliwa.

Wageni walikuja, wakauona mchezo na kasoro zake, wakaondoka. Ofisi ikafungwa kweli.

Kaka yuko hai. Upande wa kushoto haukurudi. Tukitembea barabarani, mimi hukaa huko.

Yeye anasema alishanisamehe siku ileile. Mimi ndiye sijajisamehe. Kwa miezi mizima nilikaa meza moja na mtu anayepoteza macho, na nilichokiona ni makosa yake tu.

Ndugu zangu, mtu wenu akianza kuharibu kazi aliyokuwa akiimudu, msianze kwa kumfokea. Kaeni naye, mumuulize anaona nini.