Ndoo ya Kabichi Kule Nyamyumba

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya ujana wangu ambayo bado naiona mbele yangu kila ninapomtazama kijana akifunga chakula cha safari. Juma lililopita nilikutazama wewe. Ulikuwa jikoni ukikata nyanya na matango, ukayatia chumvi na ndimu, ukayajaza kopo la plastiki, ukabana kifuniko, ukalizamisha chini ya nguo ndani ya begi, tayari kwa basi la Kigali. Sikusema neno, maana ulikuwa umechelewa na usingenisikia. Ndiyo sababu leo nimekaa nikuandikie.

Familia yetu ilikuwa imerudi kutoka Tanzania si zamani, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini hivi. Kule nilikokulia mtu hutafuna muhogo mbichi njiani huku akizungumza na jirani yake, na hakuna anayegeuka kumtazama. Hapa Gisenyi nilijifunza upesi kwamba mtu mwenye adabu haonekani akila barabarani, na hata chakula anachokibeba hukificha macho ya watu. Aliyenifundisha hayo ni rafiki yangu Dativa, tuliyeimba naye kwaya.

Wakati huo mama yake Dativa alikuwa amelazwa hospitali akingoja kupasuliwa tumbo. Unajua hospitali zetu zilivyo: mgonjwa hula anacholetewa na wa kwake. Dativa hakuwa na dada wala kaka. Asubuhi alipeleka uji, jioni ndizi zilizopondwa, na katikati alikaa kando ya kitanda. Alipoambiwa kwamba upasuaji utakuwa Jumatatu, akaweka nadhiri ya kwenda siku tatu kwenye nyumba ya maombi iliyo kilimani juu ya ziwa kule Nyamyumba, na katika siku hizo asile kitu kilichopita motoni. Jirani mmoja akakubali kumtunza mgonjwa mpaka Jumapili jioni, si zaidi, kwa sababu naye alikuwa na kazi yake. Nikasema nitakwenda na Dativa. Mama Felesita, kiongozi wa wanawake wa maombi kanisani kwetu, mjane aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, na kusema Kiswahili cha huko chenye Kifaransa ndani yake, akasema hatuachi wasichana wawili waende peke yao.

Sikiliza sasa tulivyofanya. Tuliona si heshima kumpa mtu mzima karoti nzima aigugune kama mtoto. Basi Alhamisi jioni tulikata kabichi nyembamba kama nyuzi, tukakuna karoti, tukakata nyanya na parachichi, tukachanganya na chumvi na ndimu, tukashindilia vyote katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kubana. Ilipendeza kuitazama. Kisha, kwa haya, tukaizungushia vitenge viwili na kuitia ndani ya begi la nguo, ili watakaotuona wadhani tunakwenda kulala ugenini tu.

Asubuhi Mama Felesita alitokea na kikapu wazi kichwani. Ndani mlikuwa na kabichi nzima yenye majani yake ya nje, karoti zisizomenywa, maparachichi magumu kama mawe, ndizi mbivu alizozitenga pembeni, kisu, na chumvi katika karatasi. Juu yake palikuwa na jani la mgomba tu. Dativa alinibonyeza ubavuni. Tukarudi nyuma hatua kadhaa, tusionekane kwamba tuko pamoja naye.

Karibu na kiwanda cha bia palikuwa na vijana wa pikipiki wakingoja abiria. Mmoja akapaza sauti, akimwita bibi kizee kwa Kinyarwanda:

"Mukecuru, hiyo yote ni ya sungura ngapi?"

"Ni mbili tu," akajibu bila kusimama. "Ziko zinakuja huko nyuma, zinaona haya."

Walicheka mpaka mmoja akashika usukani asianguke. Sisi tulitamani barabara itumeze. Tulikwenda kwa miguu njia nzima, tukipokezana begi mgongoni, na jua lilikuwa kali siku ile.

Jioni, baada ya maombi, tulifungua ndoo. Chakula kilikuwa bado kizuri. Mama Felesita alikula, akashukuru, akasema, "Iko tamu, mabinti. Bon, mumalize yote leo."

Dativa akacheka. "Mama, hii ni ya siku tatu!"

"Mi nimesema," akajibu, akaenda kulala. Tulirudisha kifuniko, tukakibana, tukairudisha ndoo ndani ya begi.

Jumamosi mchana kifuniko kilitoka chenyewe kabla sijakivuta sawasawa. Juu ya kabichi palikuwa na povu, parachichi limekuwa jeusi, na harufu kali ilitupiga puani. Mimi niliirudisha ndoo chini. Dativa akachukua kijiko.

"Nimeapa mbele ya Mungu," akasema. "Nikila kilichopikwa mama atakufa. Nikiomba cha mwingine, nadhiri itakuwa yake, siyo yangu. Nitakula hiki."

Alikuwa amekonda kwa wiki zile za hospitali, na kijiko kilikuwa tayari kimefika mdomoni. Mama Felesita aliinuka kutoka kwenye mkeka, akakishika kile kijiko, akakitoa polepole. Kisha akaichukua ndoo, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaimwaga yote chini ya migomba.

Dativa akaanza kulia. "Mama, umemwaga maombi yangu!"

"Nimemwaga kabichi," akasema Mama Felesita. "Maombi yako iko kwa Mungu, kule haiozeke. We nikuulize. Nani alikuambia Mungu anataka ukule uchafu?"

Dativa akajifuta machozi kwa kiganja.

"Mama yako iko ku hospitali anangoja binti mwenye anasimama na miguu. Ukianza kuharisha huku, Jumatatu nani atamupelekea uji? Jirani iko na kazi. Mi, ona magoti yangu haya. Donc, ni nani?"

Kisha akanigeukia na mimi. "Na nyinyi, munaficha chakula kama munaiba. Mulikipika ku jua, ndani ya vitenge. Chakula kibichi kiko na pumzi yake. Mukikinyima hewa, kinakufa."

Akaketi, akaweka kikapu katikati yetu. Alibandua majani mawili ya nje ya kabichi, na ndani ilikuwa nyeupe na ngumu kana kwamba imetoka shambani asubuhi ile. Akaikata hapo hapo, akamenya karoti, akapasua parachichi lililokuwa limelainika kwa siku ile, akanyunyiza chumvi mwisho. Akagawa sehemu tatu. Sehemu yake ilikuwa ndogo kuliko zetu, na tulipotaka kubishana akaanza sala ya shukrani kwa sauti, basi tukafumba macho. Kikapu kile kilitutosha mpaka Jumapili mchana. Dativa alimaliza nadhiri yake bila kuivunja.

Jumatatu mama yake alipotolewa chumba cha upasuaji, Dativa alikuwa amesimama mlangoni, mzima. Kwa majuma yaliyofuata aliupanda mlima wa kwenda hospitali kila asubuhi na kila jioni, mpaka siku aliporudi nyumbani na mama yake. Sitakuambia kwamba karoti ndizo zilizomponya mama yule. Mungu anajua alichofanya, na madaktari walifanya yao. Najua tu kwamba kulikuwa na mtu wa kumletea uji.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda mbali na chakula kibichi, kioshe nyumbani kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kisha kikaushe mpaka kisibaki na tone. Maji yanayobaki ndiyo huozesha kwanza. Kibebe kikiwa kizima kadiri uwezavyo, na kisu safi kando. Chumvi na ndimu vingoje mpaka uwe umekaa kula, maana vikitangulia hukamua maji ya mboga. Ndizi mbivu zitenge, maana huivisha vingine upesi. Parachichi chukua laini la leo na gumu la keshokutwa. Kama ni lazima ukate, basi kiwe cha kula siku hiyo hiyo, na siku hizi mna friji, kwa hiyo gandisha chupa ya maji uilaze kando ya kopo. Begi liwe kivulini, si dirishani mwa basi. Kikinuka au kikitoa povu, kimwage, hata kama kilikugharimu, hata kama umefunga, hata kama mwenyeji wako anakutazama. Wala usione haya kuonekana na chakula chako. Ni riziki uliyopewa, hukuiba.

Na ukiweka nadhiri, iweke ukiukumbuka mwili wako pia, kwa sababu nao umepewa kuutunza, na wapo wanaouhitaji.

Mungu anayeotesha kabichi katika udongo mweusi wa mashamba ya Nyakiriba akulinde uendako na urudipo. Kile utakachofungua mbali na nyumbani ukikute kizuri, naye akibariki. Akupe watu wa kuwapelekea chakula, na akupe miguu ya kuwafikia. Amina.