Nilimwambia Amnyime Mtoto Maziwa

Nilikosa, ndugu zangu, na picha za kosa lenyewe ziko kwenye simu za nusu ya watu wa mtaa wetu wa Kapsoya, mimi nikiwa nimevaa joho na kutabasamu. Jina langu naomba libaki kwangu. Wanaonijua watanitambua tu, na wengi wao siku hizi hawanisalimii.

Mimi ni mwalimu wa nasari. Nilizaliwa Timboroa kwenye baridi na viazi, nikaja Eldoret kufundisha, na kwa miaka mingi sikuwa na tatizo na mtu. Watoto walinipenda na wazazi waliniita Mwalimu. Shida ilianza nilipotaka kuitwa kitu kikubwa zaidi.

Kulikuwa na semina mjini, ya siku mbili, kuhusu watoto wenye changamoto za ukuaji: wanaochelewa kusema, wenye usonji, wasioweza kutulia. Mkufunzi alikuwa mama mmoja mpole, mtaalamu wa usemi. Alianza kwa kutuambia kwamba semina ile ni ya kutufungua macho tu, na hakuna atakayetoka pale akiwa mtaalamu. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na nilimsikia vizuri kabisa.

Mambo mengine sikuyasikia. Somo la masikio lilipofundishwa nilikuwa nje, napigwa picha kando ya bango. Tena kuna jambo alilolisema karibu na saa ya chakula, nikalipata nusu, nikainuka kuwahi foleni kwa sababu chapati za semina huisha mapema. Nusu niliyoipata ilikuwa hivi: mtoto asiyesema usimpe kitu kabla hajakiomba.

Mwishoni tukapewa vyeti vya kuhudhuria. Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kwamba ulikuwepo. Mimi nilikuwepo, ukiondoa wakati wa picha na wakati wa chapati.

Shuleni kwetu, kama nasari nyingi hapa, watoto wakimaliza huvalishwa majoho na kofia na wazazi wao wanapiga vigelegele. Kuna joho moja la mtu mzima, la mgeni wa heshima. Nililiazima. Nikapigwa picha nimelivaa, cheti nimekishika kifuani, nikaituma kwenye kundi la wazazi bila kuandika neno lolote. Nilijiambia kwamba sijadanganya mtu, nimetuma picha tu.

Pongezi ziliingia mpaka simu ikaisha chaji. Kufikia Jumapili nilikuwa Daktari. Mama yangu kule Timboroa alitangazia majirani, na nilipompigia simu ili nimweleze, nikajikuta namuuliza habari za viazi.

Mwalimu mkuu akanipa chumba kilichokuwa stoo ya madawati. Nikakipaka rangi ya samawati, nikaingiza meza ndogo na viti viwili, nikakitundika cheti kwenye fremu, juu sana, mahali ambapo mtu angekiona lakini asingeweza kukisoma.

Ndipo akaja Mama Kibet. Huyu hakuwa mgeni. Tulikuwa marafiki, tunaimba kwaya pamoja, na duka lake la vyakula vya mifugo liko karibu na shule. Mume wake analima na kufuga huko Moiben, na kila asubuhi maziwa yao yalifika Kapsoya kwa pikipiki. Kibet alikuwa mtoto wao wa pekee, anakaribia miaka minne, mzuri wa uso, mtulivu, na hakuwa amewahi kusema neno.

Nilimwambia nitamsaidia kutafuta mtu mkubwa zaidi hospitalini. Hilo nilisema, na ndilo jambo pekee la busara nililosema mwaka ule. Akanikatiza.

"Hospitali ya nini na wewe uko hapa? Si umwangalie tu, wewe ndiye umesomea hii maneno."

Nikamwangalia. Kwa muda wa kunywa chai nikaamua ni usonji. Haitiki akiitwa, hasemi, anacheza peke yake, anapanga vitu kwa mstari. Dalili zote zilikuwa zimo kwenye karatasi za semina. Karatasi ya masikio sikuwa nayo.

Tukaanza. Kibet alikuwa anakaa upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, uso kwa uso. Nilimwonyesha picha, nikasema jina la picha, naye akanikazia macho mdomoni. Nikigonga meza anashtuka, kwa sababu mikono yake ilikuwa juu ya meza. Niliwaambia walimu wenzangu kwamba masikio yake ni mazuri sana, na wakaniamini. Kwa nini wasiniamini?

Kisha nikampa Mama Kibet kazi ya nyumbani. Nilimwambia hivi: mtoto anapenda maziwa, basi maziwa ndiyo yatamfundisha. Mshikie kikombe juu. Sema maziwa. Asiposema, usimpe. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia utaalamu unasema hivyo. Nilitumia neno hilo, utaalamu!

Na ikafanya kazi, jamani. Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Baada ya wiki kadhaa Kibet alianza kubana midomo na kutoa sauti: mmm. Mama yake alikuja chumbani kwangu akikimbia, ameacha duka wazi, tukakumbatiana tukalia. Mtoto alikuwa amenakili midomo yetu. Sauti yenyewe hakuwa ameisikia, wala hakujua kama ameitoa. Alikuwa amegundua kwa akili yake mwenyewe kwamba ukibana midomo, kikombe kinashuka.

Mtu mwenye elimu angeshukuru hapo na kumpa maziwa. Mimi nilimwambia mama yake apandishe daraja. Asikubali tena mmm. Angoje neno lote.

Basi mtoto akabana midomo, na kikombe hakikushuka. Akabana tena, akalia, akajirusha chini. Mama yake akanipigia simu huku namsikia mtoto analia nyuma, nikamwambia avumilie, huo ni ukaidi wa kawaida, akilegea sasa atakuwa ameharibu kazi yote. Akavumilia. Muda si mrefu Kibet akaacha kuomba kabisa. Akiletewa kikombe anakigeuzia mgongo. Nilipoambiwa hivyo nilisema ni hatua. Hatua ya kwenda wapi, sikuulizwa.

Wakati huo jina langu lilikuwa linakua, nami nikaona niweke bango barabarani. Mchoraji akaniuliza cheo changu aandike vipi, kama nimesajiliwa. Nikamwambia angoje kidogo. Nikaenda kwenye ofisi inayohusika na usajili nikiwa na fremu yangu kwenye mfuko wa karatasi. Kijana wa pale mezani akakisoma cheti chote kwa heshima, mpaka sahihi ya chini.

"Madam, hii inasema ulihudhuria," akaniambia. "Sasa ile ya kusomea iko wapi?"

Akanieleza bila dharau kwamba kuna diploma, kuna mazoezi ya kazi chini ya msimamizi, kisha mtihani, ndipo usajili. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani nikiwa na hasira naye. Lakini nilijiandikisha kwa diploma ya jioni, si kwa kupenda elimu, niseme ukweli. Nilitaka bango.

Katika masomo ya mwanzo kabisa mwalimu wetu alimleta darasani mtoto mdogo wa jirani yake. Akamkalisha na vitu vya kuchezea, akazunguka nyuma yake, akatikisa mkebe wenye punje za mahindi. Mtoto akageuka. Mwalimu akasema hicho si kipimo cha kweli, kipimo cha kweli kinafanywa na mtaalamu wa masikio kwa mashine. Lakini hakuna anayeruhusiwa kugusa mtoto asiyesema kabla masikio hayajapimwa. Wanafunzi wenzangu wakaandika. Mimi kalamu ilikuwa mkononi na sikuweza kuandika.

Siku hiyo hiyo akatumalizia na ile nusu niliyoiacha kwenye foleni ya chapati. Usimpe mtoto kabla hajaomba, ndiyo, na kuomba ni hata kunyoosha mkono, hata kukitazama kikombe. Akifanya hivyo tu, unampa papo hapo.

Jumatatu nilibeba mkebe wangu. Kibet alikuwa anapanga vibao kwenye sakafu ya saruji. Nikasimama nyuma yake, nikatikisa. Akaendelea kupanga. Nikamwita kwa jina lake, kwanza polepole, kisha kwa sauti iliyomfanya mwalimu wa chumba cha pili afungue mlango kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Kibet akaweka kibao kingine juu ya mstari wake, kwa uangalifu.

Ningeenda dukani dakika ile. Ni karibu, unavuka barabara tu. Sikuenda. Jumapili iliyokuwa inakuja Mama Kibet alikuwa amepanga kutoa shukrani kanisani kwa ajili ya ile mmm, na jina langu lilikuwa limetajwa kwenye ratiba. Nikajiambia ngoja ipite. Mimi, mtu mzima, mfuasi wa Kristo, nilikaa kwenye benchi nikamsikiliza rafiki yangu akishukuru kwa machozi, watu wakanigeukia wakapiga makofi, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Baada ya hapo ndipo nikamwambia ampeleke Kibet akapimwe masikio, nikasema ni jambo la kawaida tu, tukamilishe. Hata hapo nilidanganya.

Majibu yalitoka: masikio yote mawili yalikuwa yanasikia kidogo sana, na inaonekana ilikuwa hivyo tangu uchanga. Daktari alimuuliza kwa nini walichelewa. Mama Kibet alimjibu kwamba hawakuchelewa, mtoto ana mtaalamu wake.

Alikuja chumbani kwangu mchana, akakaa kwenye kile kiti kidogo cha mwanawe. Hakuwa na hasira usoni, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Mwalimu, ulijua lini?"

Aliniita Mwalimu. Nikamweleza yote, semina, picha, mkebe, mpaka wiki ile ya kabla ya shukrani. Akatikisa kichwa.

"Ya kanisa wacha," akasema. "Mimi nafikiria tu ile maziwa. Kwetu mtoto hanyimwi maziwa. Hata awe wa mtu mmekosana, akikuja kwako unampatia. Sasa mimi nilikuwa na maziwa ndani ya nyumba, nimeshika kikombe juu, na yeye ananiangalia mdomo. Nilidhani ananidharau. Siku moja nilimchapa."

Nililia, na aliningoja mpaka nikamaliza, kwa adabu ileile aliyolelewa nayo, ndipo akainuka akaenda kufungua duka.

Nimepoteza nini? Rafiki, kwanza. Tunaimba kwaya moja bado, yeye sauti ya kwanza na mimi ya tatu, na kati yetu kuna watu. Chumba kimerudi kuwa stoo. Nilimweleza mwalimu mkuu, nikaondoa fremu, kisha nikaandika kwenye kundi la wazazi kwamba mimi si daktari wala mtaalamu, nilihudhuria semina tu, na kuna mtoto niliyemkosea. Safari hii niliandika kila kitu. Wengi walinyamaza. Wachache walijibu: barikiwa, Daktari, kwa unyenyekevu wako.

Lakini hasara yangu ni ndogo. Kibet ndiye aliyepoteza mwaka mzima, katika umri ambao mwaka mmoja ni mwingi mno, na hakuna semina ya kuurudisha. Sasa amevalishwa vifaa vya kusikia, anaenda kwa mtaalamu wa kweli, na wamemwanzishia pia lugha ya ishara pamoja na wazazi wake. Nasikia ameanza kusema maneno. Neno lake la kwanza lilikuwa lipi sijui. Kwaya nzima inajua, na mimi sijathubutu kuuliza.

Bado nasoma. Nimebakisha mazoezi na mtihani, na mpaka leo sijasajiliwa. Wazazi wengine bado wananiletea watoto. Ninawaambia mahali pa kwenda, na kuna waliokasirika wakaenda kwa watu wenye mabango.

Kwa hiyo nawaomba. Wewe mwalimu mwenzangu uliyehudhuria, sema ulihudhuria, na usiposemwa vibaya shukuru. Wewe mzazi, hata kama ni rafiki yako, hata kama mnaimba pamoja, muulize amesajiliwa na nani, na cheti kikiwa juu sana, panda kiti ukisome. Mtoto asiposema, simama nyuma yake umwite. Asipogeuka, mpeleke akapimwe. Akigeuka, mpeleke pia. Na mkirudi nyumbani mpe maziwa yake, aseme asiseme.