Bamba Lililong'aa Kupita Kiasi

Kiberiti, msimamizi wa ujenzi wa kituo cha umeme wa gesi, hajui kukaa. Kiti chake cha ofisini mpaka leo hakijavuliwa nailoni. Tangu asubuhi analizunguka boila kama kuku anayetafuta pa kutaga.

"Tulia bosi, utatoboa sakafu!" fundi rangi akamtania.

"Paka rangi, wewe! Mdomo pumzisha!"

Roho ilikuwa juu. Wiki ijayo mkurugenzi anakuja kuona mtambo ukizunguka. Usipozunguka, kazi anapewa mtu mwingine. Na bomba la kuleta mvuke kutoka boila haliungwi na mtambo hivihivi. Kwanza linapigwa mvuke wa nguvu, litapike takataka zote za kuchomelea. Pale mdomoni linafungwa bamba la chuma lililosuguliwa. Likitoka na vishimo, ujue ndani bado kuchafu, piga tena. Chembe moja ikiyafikia mapanga ya mtambo, kwisha habari.

Jana bamba lilitoka limechorwa kama uso wa ndui. Kiberiti akawaka. "Nisilione tena bamba chafu! Atakayeniletea, afungashe virago!"

Leo mvuke ukanguruma tena, madirisha yakatetemeka, kisha kimya. Nyapara wa mabomba, kaka wa mkewe, akaja amelipakata bamba kama kichanga.

"Safi, shemeji. Tuunge?"

Kiberiti akalipokea. Kioo kabisa, mpaka pua yake aliiona. Akataka kurukaruka. Halafu akaligeuza, akaligeuza tena. Mvuke ule unachoma chuma mpaka kinaiva bluu. Hili halikuwa na hata doa.

"Hili limepigwa mvuke?"

"Ndiyo."

"Niangalie usoni."

Shemeji akaangalia viatu. "La kweli lina vishimo. Lakini si ulisema tufungashe? Na mimi nina watoto, shemeji."

Ngumi ilishapanda. Mafundi wote wakarudi nyuma, hata yule mpaka rangi mwenye mdomo. Kiberiti akawaona wanavyomtazama, mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda. Akauingiza mfukoni, ukatoka na simu. Akampigia mkurugenzi.

"Mzee, wiki ijayo usije. Bomba bado chafu... Ndiyo, nimekuelewa. Kazi mpe unayemtaka."

Akakata, akaokota spana. "Twende, shemeji. Safari hii nafunga bamba na wewe."

"Na likitoka chafu?"

"Niletee hivyohivyo. Na unitazame usoni."

Akashika njia ya boila mbiombio, shemeji akimkimbilia nyuma.