Jiko la Mama Limevunjwa

Likizo yangu huichukua mwezi wa saba. Wenzangu kazini, mjini Same, hunicheka. Wao wanangoja Desemba. Mimi Desemba sina haja nayo. Ninachokitaka ni kipupwe cha kwetu mlimani: ukungu unaofunika migomba mpaka saa nne asubuhi, maharage mapya yaliyoanikwa uani, na jiko la mama la udongo, lililojitenga nyuma ya nyumba. Humo nakaa kwenye kigoda, chai ya tangawizi mkononi, moto miguuni, mahindi yakikauka darini juu ya kichwa changu. Vumbi la Same nalivumilia mwaka mzima kwa ajili ya siku hizo kumi.

Mwaka jana nilipanda na bodaboda, nikashuka vidole vimekufa ganzi. Nikazunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Jiko halikuwepo. Palikuwa na udongo uliosawazishwa, na kuku wawili wanachakura.

"Shikamoo mama. Jiko liko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwanza. Mdogo wako kalivunja. Njoo uone jipya."

Jipya lilikuwa ndani ya nyumba: vigae vyeupe, sinki, jiko la gesi. Chai ikachemka upesi, tukainywa sebuleni tumejifunika mablanketi, kila mtu na kiti chake, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Nilishindwa hata kuimaliza. Nikatoka uani kumpigia mdogo wangu, ambaye yuko Dar es Salaam.

"Shikamoo dada!"

Sikuitikia. "Nani kakutuma uvunje jiko la mama?"

"Dada, lile lilikuwa banda tu. Watu wanaenda na wakati."

"Wewe unalala na feni! Baridi ya huku unaijulia wapi?"

"Mbona mama mwenyewe kafurahi?"

"Mama hawezi kukwambia ukweli. Anakuonea haya."

Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika. Nikakata simu. Kugeuka, mama yuko mlangoni.

"Nilimtuma mimi," akasema.

"Ulimtuma?"

"Kifua changu. Daktari kaniambia niachane na moshi. Wewe unakuja kuota moto siku kumi, unashuka zako. Siku nyingine zote nani anaupuliza?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Sikunyamaza. Hasira ilizidi, ila sasa ilimgeukia yeye. Nikamwuliza kwa nini mambo ya nyumbani wanayapanga wawili, kana kwamba mimi ni mpangaji. Mimi ndiye niliye karibu, hapo chini tu. Iweje niwe wa mwisho kujua kwamba mama yangu anaumwa?

"Hukuwahi kuniuliza," akasema. Hakupandisha sauti. "Ukipiga simu unauliza kama maharage yamekomaa."

Akaingia ndani. Nilibaki uani mpaka ukungu ukanilowesha nywele.

Kesho yake alitaka makande. Makande kwa gesi ni kuumaliza mtungi, kwa hiyo nilipanga mawe matatu pale uani, nikawasha kuni, nikamkataza asisogee. Nilipuliza mwenyewe tangu asubuhi. Moshi ukanitoa machozi, kifua kikabana, mgongo ukaganda kwa upepo. Alikuwa akinitazama dirishani. Hatukusemeshana mpaka tulipokula, na hata hapo tulizungumzia chumvi.

Mdogo wangu nilimwomba radhi siku ya tatu. Alisamehe kirahisi mno, nikaudhika upya.

Hasira ile mpaka leo haijaniisha, ila sasa najua ni ya nani. Miaka yote ile, nikiwa bado nimejikunja kitandani, nilikuwa nikimsikia mama akikohoa huko jikoni alfajiri, akiniwashia moto. Nilikuwa najivutia blanketi na kujiambia: naam, nimefika nyumbani.