Mama Asteria na ngitili ya sato

Jua ndiyo kwanza linachungulia, na tayari Melania Maduhu ana maji kiunoni. Ameshika wavu wa mtu kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia anakipitisha kwenye tundu moja hadi jingine, taratibu, kama mnunuzi wa pamba anayesaka mchanga ndani ya gunia.

"Hili linapita. Hili linapita. Hili…" Kiganja kimekwama. "Baba, hapa umeshona nini? Unavua samaki au unachuja togwa?"

Mwenye wavu, mwanamume wa makamo, anatazama pembeni. "Mama Asteria, hicho ni kiraka tu."

"Kiraka hakijui kwamba ni kiraka. Kikinasa mtoto wa sato, kimenasa. Uache hapa nikufumulie. Leo bure, kesho elfu tatu."

Wenzake wanacheka. Wavu unabaki.

Hapa ni mwalo wa Isenga, mkoani Geita, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Melania, mjane mwenye umri wa miaka 54, ni fundi wa nyavu na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe cha kulinda ziwa. Uenyekiti haumpi hata senti. Anaishi kwa sindano ya nyavu, ambayo siku ikiwa njema humwingizia Sh8,000. Wanaomfahamu wanasema amefunga mafundo mengi kuliko ndoa zote za Kanda ya Ziwa, na ya kwake hayajavunjika hata moja.

Alizaliwa Songwa, wilayani Kishapu, kwenye pamba, ng'ombe na vumbi. Maji mengi aliyowahi kuyaona kabla ya kuolewa ni ya lambo la kunyweshea mifugo.

"Nilipofika hapa nikamuuliza mume wangu, hili lambo ni la nani? Akasema, la serikali. Nikasema, basi serikali ina ng'ombe wengi."

Miaka mitatu iliyopita, lambo hilo lilikuwa linaelekea kukauka samaki. Watu wanne walikesha ndani ya mtumbwi wakarudi na sato wawili. Masudi, mchuuzi wa samaki aliyekaa mwaloni hapo tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, anaapa kuwa sato mmoja aliwahi kuuzwa mara tano kabla ya kufika kikaangoni.

"Na kila alipouzwa alizidi kukonda," anasema bila kupepesa macho. "Aliyemla wa mwisho alikula aibu."

Chanzo kilijulikana. Karibu na mwalo kuna ghuba ya Nyamasinda, yenye maji mafupi, mchanga na matete. Ndiko sato huenda kuzaa. Na ndiko watu walikokuwa wakikokota kokoro, ule wavu mrefu unaovutwa hadi nchi kavu ukizoa kila kitu, wakubwa kwa wachanga.

Maofisa walileta mabango yaliyoandikwa "Eneo la Mazalia". Watu waliyasoma vizuri sana, wakaendelea kukokota. Bango moja likawa mlango wa banda la kuku.

Melania alikuja na neno jingine. Aliposimama mkutanoni, hakutaja mazalia wala sheria.

"Niliwauliza, nyie si watoto wa wachunga ng'ombe? Ngitili mnaijua?"

Nani asiyeijua? Usukumani, ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa masika, hata nyasi zikifika kifuani, ili kiangazi kikibana mifugo ipate pa kushika. Anayeingiza ng'ombe kwenye ngitili iliyofungwa hahitaji polisi; wazee wa kijiji wanamtosha.

"Nikasema, basi ile ghuba ni ngitili yetu. Tuifunge miaka miwili. Sato wasiporudi, nirudisheni Songwa kwa miguu, na sindano zangu mgawane."

Ghuba ikafungwa siku hiyohiyo. Madumu ya njano yakawekwa mpakani, na zamu za doria zikapangwa. Yale ambayo mabango yalishindwa, neno moja la nyumbani liliyaweza.

Na sato wakarudi. Mtumbwi wa watu wanne, ukivua nje ya madumu, sasa hutua na kilo 20, pengine 30. Masudi anadai wengine wanarukia mtumbwini wenyewe ili kuokoa muda, lakini mzani wake unasema 30.

Hapo ndipo neno la Melania lilipomgeukia. Ngitili hufungwa ili ifunguliwe. Mwaka wa pili ulipokaribia kwisha, watu walianza kuhesabu siku. Mama mwenyewe si ndiye aliyesema ni ngitili? Kokoro zilizofichwa darini zikashushwa. Zikiingia Nyamasinda hata kwa juma moja, miaka miwili ya kuvumilia ingekwisha.

Wa kwanza kujiandaa alikuwa Makoye, 38, aliyehamia ziwani kutoka Runzewe baada ya miaka kumi ya kuchimba dhahabu. Asubuhi moja doria ilikuta vigingi 40 vimekitwa ndani ya ghuba, vimefungwa vitambaa vyekundu.

"Machimboni, eneo likitajwa tu, anayewahi kukita kigingi ndiye mwenye duara," anasema Makoye, akimaanisha shimo na haki ya kulichimba. "Nilijua dunia nzima iko hivyo."

Dunia haiko hivyo. Siku mbili baadaye, wavuvi wa makundi mawili walinyemelea na kokoro zao kabla ya tarehe. Makoye naye, kwa kuogopa kupitwa, akashusha yake. Kokoro zote tatu zikanasa kwenye vigingi na kupasuka vipandevipande. Wenye kokoro mbili hawakuona aibu ya kuvunja sheria, walimwona Makoye. Wakamfukuza mwaloni kwa makasia.

Melania ndiye aliyempandisha kwenye mtumbwi wake.

"Nilidhani ananipeleka polisi," anakumbuka Makoye. "Akanipeleka ghubani. Maji yametulia, chini kunaonekana. Akaniambia, chungulia."

Chini, kwenye mchanga, kulikuwa na mashimo ya duara, kila moja kama sinia, moja baada ya jingine hadi kwenye matete. Juu ya kila shimo, sato dume mmoja analinda.

"Nikamwambia, mayu, hawa wamekita!" anasema Makoye, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nikamjibu, wamekita kabla yako," anadakia Melania. " Kila mtu na duara lake, na hakuna aliyevuka mpaka wa mwenzake. Jike naye anabeba mayai mdomoni, hali chakula hadi watoto waogelee. Samaki anafunga mdomo, Makoye. Wewe unashindwa kufunga ghuba?"

Makoye aliomba wazunguke tena.

Mkutano ulifanyika wiki mbili zilizopita, na hoja ilikuwa moja: ghuba ifunguliwe au la. Mvuvi mmoja aliruka: "Mama, ngitili hufunguliwa! Wewe ndiye uliyesema!"

"Nilisema, na sikatai," Melania akajibu. "Sasa niambie, kwenu ngitili ikifunguliwa, wanaingia ng'ombe wote?"

Kila mmoja alijua. Huanza ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha. Kundi kubwa hubaki nje.

Makoye akasimama, akaomba vigingi vyake vising'olewe, kwa kuwa vimeshaonyesha kazi yake. Watu wakacheka, kisha mikono ikanyooshwa: 71 kwa 46. Nyamasinda itafunguliwa miezi miwili tu ya kiangazi, kwa ndoana pekee, na wajane, wazee na wenye mitumbwi midogo isiyo na injini ndio watakaoingia. Kokoro, mwiko. Vigingi vitaongezwa hadi 200, na fundi wa kuvikita ameshapatikana.

Wale 46 hawajaridhika, na Melania hajifanyi hajui. Matumaini yake ni kuwa miezi hiyo miwili itawashawishi kuliko maneno yake. Mialo miwili ya jirani imeshatuma watu kuuliza ngitili inafungwaje, na anapanga kwenda kuwafundisha akimaliza viporo vya nyavu.

Orodha ya watakaoingia kwanza ina majina 37. Melania ni mjane, ana mtumbwi mdogo, na kwa miaka miwili hajaonja sato wa ghuba aliyoilinda. Jina lake ni la 37.

"Ndama hawajashiba," anasema, akifumua kiraka cha mtu, "mchungaji anatafuta kibuyu cha maziwa cha nini?"