Shikamoo Kwenye Njia ya Kujiokoa

Nilikuwa mwalimu mkali wa salamu. Mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, nilimpigisha magoti mbele ya wenzake, na wazazi wa kwetu huku juu ya milima ya Magamba walinisifu kwa hilo. Masika yalipopasua ardhi nyuma ya vyoo vya shule, nikapewa na kazi ya kuwafundisha wanafunzi kujiokoa na maporomoko. Tulifanya mazoezi mara tatu: rimu la gari tunalolitumia kama kengele likigongwa mfululizo, acheni madaftari, fuateni kijia cha kando hadi uwanja wa kanisa, msiteremke bondeni. Nikajiona nimemaliza kazi.

Siku ya nne ya mvua mfululizo, asubuhi, niliukuta ule ufa umepanuka kiasi cha kumeza mguu wangu. Niligonga rimu mpaka mkono ukafa ganzi. Darasa la pili walitoka mwisho, mmoja mmoja, nami nyuma yao. Kijia chenyewe ni chembamba; huku ukuta wa udongo, huku matuta ya kabichi yanayoshuka bondeni. Tulipofika katikati, msafara ukasimama.

Nikachungulia. Bibi mmoja alikuwa anakuja na mzigo wa kuni kichwani, na binti wa mbele alikuwa amekunja goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

Akafuata wa pili. Kila mmoja alingoja ajibiwe ndipo ajibanze apite, na bibi hakumruka hata mmoja. Udongo ulianza kutudondokea vichwani.

"Piteni!" nilipiga kelele. Hawakupita. Nikakanyaga kabichi za watu, nikawapita, nikauvuta mzigo wa bibi nikautupa, nikamshika mkono nikamgeuza alikotoka. Sikumwamkia. Watoto wakatufuata mbio. Tulikuwa tumekanyaga tu uwanja wa kanisa mlima uliponguruma, na kijia chote kikaondoka na kuni za bibi.

Nilihesabu watoto mara mbili. Walitimia. Bibi alinitazama, bado anahema.

"Mwalimu, hata shikamoo?"

Nilimpa, huku machozi yananitoka. Kisha hasira ikanipanda, nikamwendea yule binti wa mbele.

"Kwa nini ulisimama? Si niliwafundisha?"

Alipiga magoti kwenye tope kabla sijamwambia.

"Mwalimu, juzi uliniadhibu kwa kumpita bibi huyu huyu."